Siku 24, shilingi 48,000 na vituo kumi na kimoja

BARUA

Bibi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisauni, Mombasa, nina umri wa miaka 29, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo katika chama cha walimu wanawake ili zamu yangu ikifika nisafiri. Fungu langu nililipata mwezi uliopita. Baada ya kulipa madeni madogo madogo nimebakiwa na shilingi 48,000 za Kenya, na likizo ya mwezi wa nane inanipa siku 24 za uhuru kabla sijarudi kuandaa maazimio ya kazi ya muhula wa tatu. Nia yangu ni kusafiri Tanzania kwa mabasi, nikiwa na begi moja la mgongoni, nikilala katika nyumba za wageni za bei nafuu, nikila wanachokula wenyeji, na kukaa kila mahali mpaka nihisi kwamba nimepafahamu. Sitaki ndege wala magari ya kampuni za utalii.

Taabu imeanzia kwa mwenzangu. Mama amesema wazi kwamba peke yangu siendi, ila tukiwa wawili ataridhika, nami nikamwomba binti ya shangazi yangu, ambaye tumelelewa nyumba moja Majengo, tufuatane. Alikubali mara moja, nikafurahi. Kumbe furaha yenyewe ilikuwa ya jioni moja tu. Siku ya pili alikuja na karatasi aliyoorodhesha vituo kumi na kimoja: Tanga, Arusha, Ngorongoro, Mwanza, Bukoba, Kigoma, Mbeya, Dar es Salaam, Zanzibar, Kilwa na Mtwara. Hoja yake ni kwamba mtu akishavuka mpaka ni ujinga kurudi bila kuona kila kitu, na kwamba siku hizi mabasi ya Tanzania yanasafiri usiku, kwa hiyo tutalala garini na kuokoa pesa za chumba. Moyo wangu unakataa, lakini kila nikitaka kumjibu nakosa hesabu ya kumwonyesha, naye ni hodari wa kusema. Juu ya hayo hana pasipoti, na anashikilia kwamba kitambulisho kinatosha kwa kuwa sote ni watu wa Afrika Mashariki.

Je, mimi ndiye mvivu wa safari, au yeye ndiye asiyejua anachokitaka? Na pesa hizi zitatosha kweli?

Mwalimu Mwenye Hamu, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeiweka karatasi ya mwenzako kando ya ramani nikaifanyia hesabu ambayo wewe hukuipata. Tanzania ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 945,000, na Kenya yetu haifiki 600,000. Mtu aliyezoea kwamba akipanda basi Mwembe Tayari usiku ataamkia Nairobi hujisahau akadhani kwamba na huko miji imekaribiana hivyo. Kutoka Tanga hadi Arusha, Mwanza, Bukoba, Kigoma, Mbeya, Dar es Salaam na Mtwara, kisha kurudi nyumbani, ni zaidi ya kilomita 4,000 za barabara. Basi la abiria huko haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, katika makazi ya watu hushuka hadi 50, na ukijumlisha vituo vya chakula, mizani na kupakia mizigo, wastani wa 60 ni wa kushukuru. Hizo ni saa 66 na zaidi za kukaa juu ya kiti, mbali na saa za kungojea stendi. Ukizigawa kwa siku za saa kumi za njiani, umetoa wiki nzima katika likizo yako bila kuona kitu isipokuwa kisogo cha abiria aliye mbele yako.

Wiki hiyo si hasara yote. Siku ya safari huharibu na siku inayofuata, kwa sababu mtu aliyeshuka garini saa mbili usiku akiwa na vumbi hadi masikioni haamki alfajiri kwenda kutazama mji. Huamka saa nne, hutafuta chai, hufua, halafu huulizia tiketi ya kesho. Kwa vituo kumi na kimoja ndani ya siku 24, wastani wenu ni siku mbili kila mahali, nanyi mtakuwa mmeona stendi kumi na moja. Wewe si mvivu. Umeona jambo ambalo mwenzako atalijua akifika Mwanza, na Mwanza ni mbali sana na nyumbani kwa mtu kuanza kujuta.

Hoja ya kulala garini naielewa, kwa kuwa katika ujana wangu ningeisema mwenyewe. Ni kweli kwamba marufuku ya mabasi kusafiri usiku iliondolewa mwaka 2023, baada ya kudumu kwa takriban miongo mitatu. Lakini chumba mnachokiokoa ni cha pesa kidogo, na mnachokitoa badala yake ni usingizi, pamoja na barabara yenyewe. Mtu aliyepita chini ya milima ya Usambara usiku amepita gizani, na hata akisimulia kwao kwamba alipita, hana la kusimulia. Kwa wanawake wawili wageni, kushuka stendi saa tisa za usiku katika mji msioujua ni jambo ambalo nisingemruhusu binti yangu, hata kama gari ni zuri na dereva ni mcha Mungu. Kateni tiketi za asubuhi, na mfike jua lingalipo.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hii kumfukuza mgeni, nami naichukua upande wa pili: siku ya tatu ndipo mwenyeji anapoanza kukuona kama mtu. Nilipokuwa Kilwa Masoko miaka iliyopita, palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipika vitumbua mlangoni pa nyumba jirani na gesti niliyofikia. Siku ya kwanza aliniuzia, akanihesabia chenji yangu. Siku ya pili aliniuliza natoka wapi, akacheka jinsi tunavyotamka maneno sisi wa Mvita. Siku ya tatu mjukuu wake alilia ndani, naye bila kufikiri akanitia mkononi kile kijiti cha kugeuzia na kuniambia nisiache viungue, akaenda zake. Viwili viliungua. Tangu hapo sikununua tena kitumbua pale. Nilikuwa nakula, na mchana nikitumwa dukani. Basi kipimo changu ni hicho: mahali mnapotaka kupajua, msilale chini ya mausiku matatu, na mahali msipoweza kulala matatu, pafanyeni pa kupita tu, bila kujidanganya kwamba mmepaona.

Na kama mwenzako anataka ushahidi mkubwa kuliko wa bibi na vitumbua vyake, mwambie habari za Ibn Battuta. Msafiri huyo alipita pwani hii mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja tu, na aliyoyaandika juu yetu ni mistari michache kuhusu ndizi, samaki na misikiti ya mbao. Alipofika Kilwa alimwona Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akauandika mji na ukarimu wa mtawala wake kwa urefu. Huwa nawaza tungeandikwa nini laiti angekaa hapa Mvita siku tatu.

Sasa njia. Ninachokushauri ni kufuata mstari mmoja badala ya duara: kuteremka na pwani kutoka Tanga hadi Mtwara, na kupanda mlimani mara moja tu, Lushoto. Sababu ni kwamba mtafuata pwani ambayo ni ndugu ya pwani yetu, ambako lugha, chakula, kanga na hata maulidi mtavitambua nusu, na ile nusu ya pili ndiyo itakayowashangaza. Arusha na Ngorongoro ziachwe kwa mwaka mwingine. Mwananchi wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa Ulaya, ni kweli, lakini kinachowamaliza watu kule ni kukodi gari la kuingilia, na gari hilo lingekula sehemu kubwa ya fungu lako kwa siku moja. Kuhusu Mwanza, Bukoba na Kigoma, nchi hizo za maziwa zinastahili safari yao wenyewe, na kuzichanganya na Kilwa katika likizo moja ni kuzidhulumu zote.

Ondokeni asubuhi na mapema, mvuke Likoni kabla ya msongamano, mchukue gari hadi Lunga Lunga, ambako ni mwendo wa kilomita mia moja hivi. Mnaweza pia kupanda basi la moja kwa moja hadi Tanga, na kwa mara ya kwanza ndilo ninalolipendelea, kwa sababu konda hujua kuwasubiri abiria wake mpakani. Ila mkishuka kugonga mihuri, kariri namba ya gari na sura ya abiria mmoja aliyekaa jirani nanyi, mfuatane naye. Upande wa pili ni Horohoro, na kutoka hapo hadi Tanga ni kama kilomita 65. Mtasikia Kidigo pande zote mbili za mpaka, na pengine mtajiuliza mpaka wenyewe ulikuwa wa nini.

Tanga laleni mausiku manne. Wenyewe wana msemo kuhusu mji wao, waja leo waondoka leo, na ninyi mwondoke siku ya tano ili kuwabishia. Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini ya mji, na mnaweza kwenda na kurudi nusu siku. Siku nyingine nendeni Pangani, mkaone mto ukiingia baharini na nyumba za zamani zilizochoka. Siku zinazobaki zitumieni mjini tu, ambako baiskeli ni nyingi na watu hawana haraka, na hapo ndipo mtajifunza maneno yatakayowasaidia safari nzima. Tuktuk kwao ni bajaji, matatu ni daladala, na steji ni stendi au kituo. Sisi hapa tukisema hoteli tuna maana ya mahali pa kunywa chai na mahamri, lakini huko ukiulizia hoteli utaelekezwa pa kulala, tena pa ghali. Pa kulala penu ulizeni gesti. Pa kula ulizeni mgahawa, au vizuri zaidi mtafuteni mama lishe aliyezungukwa na madereva, kwa kuwa dereva hali mahali pabaya mara mbili.

Kutoka Tanga kuna magari ya kupanda Lushoto. Mkifika Mombo mnaiacha barabara kuu na kuanza kuzunguka mlima kupitia Soni, takriban kilomita 33 za kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa jiwe na upande mwingine bonde. Anayetapika akae mbele na asile kitu kizito. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, wakaupenda kwa baridi yake, na baridi hiyo mwezi wa nane haina mzaha kwa mtu wa Kisauni. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Chukueni sweta la kweli, si leso, na soksi za kulalia. Mausiku manne tena: nendeni kwa miguu hadi Irente mkaitazame nchi tambarare ikiwa chini kama kitu kilichodondoka, siku ya soko mzunguke soko, na siku moja msifanye chochote.

Kutoka hapo mteremke Dar es Salaam, ambako nawapa mausiku mawili tu ya kupumua, na mawili mengine wakati wa kurudi. Jueni kwamba stendi kuu ya mabasi ya mikoani haiko Ubungo tena. Tangu mwaka 2021 ni Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambako ni mbali na katikati ya jiji. Mtu anayelala Kariakoo na tiketi yake ni ya saa kumi na mbili asubuhi atatoka kitandani saa tisa. Isitoshe, mabasi ya kusini yana desturi ya kuchukua abiria upande wa Mbagala, kwa hiyo siku mnapokata tiketi ya Kilwa ulizeni gari linaondokea wapi hasa, ndipo mchague gesti ya karibu na hapo.

Kilwa ndiyo moyo wa safari hii, nami nawapa mausiku matano. Ni kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na njiani mtavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo urefu wake unakaribia kilomita moja. Mwezi wa nane ni wakati mzuri kwa barabara hiyo, kwa sababu masika huwa yameisha. Mwezi wa tano mwaka 2024 mvua ziliikata eneo la Somanga na abiria wakakwama. Kwenda kusini asubuhi jua litakuwa mkono wa kushoto, kwa hiyo chagueni viti vya upande wa kulia, upande wa dereva. Ni jambo dogo, lakini kufikia saa nne asubuhi mtanikumbuka.

Mahali pa kuwa macho ni Nangurukuru, njia panda ambako barabara ya Masoko inaachana na ile ya Lindi. Mwaka ule niliokwenda mimi, mkanda wa feni wa gari letu ulikatika kabla ya kufika Rufiji, fundi akaja baada ya saa nne, na wenye gari, ambao siwataji, wakatuteremsha Nangurukuru usiku wakidai kwamba gari la kutupeleka Masoko lipo. Halikuwapo. Tulikaa juu ya mizigo yetu kando ya kibanda cha chipsi hadi mwenye Noah mmoja alipotuhurumia, kwa bei ya mtu anayejua kwamba huna pengine pa kwenda. Kwa hiyo ulizeni kama basi linaingia Masoko kwenyewe, na kama haliingii, lifike Nangurukuru mchana.

Kilwa Kisiwani, kisiwa kilicho ng'ambo ya Masoko, ndiko yaliko magofu ambayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kibali hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, na mashua huwa rahisi mkiungana na wavukaji wengine. Msiende asubuhi mkarudi adhuhuri kama wafanyavyo wengi. Msikiti Mkuu una kuba na nguzo ambazo mtu wa Mombasa akizitazama huhisi kwamba amewahi kuziota, na Husuni Kubwa, jumba la yule Sultani al-Hasan, liko ukingoni juu ya maji, nalo lataka jioni yake peke yake. Siku nyingine nendeni Kilwa Kivinje, mji wa biashara na baadaye wa Wajerumani, ambao milango yake ya kuchonga inaliwa na chumvi.

Mwisho ni Mtwara, nanyi mlale Mikindani, kilomita kama kumi kabla ya mji, mahali ambapo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mausiku manne yatatosha. Msiteremke hadi mpakani mwa Msumbiji kwenye Mto Ruvuma kwa ajili ya kupiga picha, kwa sababu upande wa pili, Cabo Delgado, una vita tangu mwaka 2017, na athari zake zimewahi kuvuka mto. Lindi ni pa kupita tu. Siku zinazozunguka tarehe 8 Agosti ndizo za maonyesho ya Nanenane, nayo kanda ya kusini huyafanyia Lindi, viwanja vya Ngongo, hivyo gesti hujaa. Mkiondoka Mombasa siku za mwanzo za mwezi, tarehe hiyo itawakuta bado mko milimani.

Hesabu ya pesa nimeifanya kwa tahadhari, nikichukua shilingi moja ya Kenya kuwa 19 za Tanzania. Kiwango hubadilika, kiulizie wiki ya safari. Shilingi zako 48,000 zinakuwa 912,000 za huko. Chumba cha gesti cha vitanda viwili chenye choo ndani, wenyewe wanakiita chumba self, kiwekeeni 25,000, kila mmoja 12,500. Chakula kiwekee 12,000 kwa siku, na daladala, maji na mambo madogo 3,000. Hiyo ni 27,500 kwa siku, na kwa siku 24 ni 660,000. Sasa tazama mabasi: njia hii yote, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 2,400. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hupanga kikomo cha nauli kwa kilomita, na katika viwango ilivyotangaza Desemba 2023 basi la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita ya lami na la daraja la kati 67.84. Kwa basi la kawaida unapata 116,000 hivi; wewe weka 130,000, kwani baadhi ya njia mtapata daraja la kati tu na viwango huenda vimepanda. Zinabaki 122,000 kwa mashua, vibali, dawa na la kutokea. Mwonyeshe mwenzako mstari huo wa mabasi: hata kwa safari ndefu nauli ni sehemu ndogo ya gharama, na anayehama kila siku hatumii kidogo, kwa kuwa kila kituo kipya kinataka bajaji ya kwenda, bajaji ya kurudi na chakula cha stendi cha bei ya mgeni, ilhali anayekaa hujua kufikia siku ya pili wapi wali na maharage ni nusu bei, na kwa mausiku manne huweza kumwomba mwenye gesti ampunguzie.

Pesa nyingi badilisheni Tanga, si kwa vijana wa mpakani wanaohesabu haraka kuliko jicho, na msingojee kusini, ambako shilingi ya Kenya itakuwa karatasi tu. Sajilini laini ya simu ya huko kwa pasipoti na alama za vidole, kwenye duka la kampuni yenyewe. Tiketi kateni dirishani, mkiwapita wapiga debe kwa salamu na tabasamu, na msome saa iliyoandikwa mara mbili, maana gari moja huandika 06:00 na jingine huandika 12:00, yote yakiwa na maana ya alfajiri ile ile. Gesti nyingine hazipendi watu wawili katika kitanda kimoja, kwa hiyo semeni tangu mlangoni kwamba mnataka vitanda viwili. Na mkiletewa daftari la wageni linalouliza mtokako, mwendako na wakati mwingine hata kabila, msiudhike, ndiyo desturi.

Kuhusu kitambulisho, mwenzako amesikia habari nusu. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho, Tanzania haimo. Aombe pasipoti sasa hivi, na kama haitawahi, aende ofisi ya uhamiaji hapa Mombasa kuulizia hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki, asingojee kubishana kaunta ya Lunga Lunga huku basi likipiga honi. Visa hamhitaji, lakini someni siku mlizoandikiwa katika muhuri. Wote wawili mchanjwe homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya kuvuka, kwa sababu kadi yake huulizwa. Aliyechanjwa zamani haimpasi kurudia, kwani tangu mwaka 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote.

Limebaki lile la kukubaliana. Usimletee hesabu hii kama hukumu, kwa maana mtu hodari wa kusema akishindwa kwa namba hugeuka akashinda kwa kununa, na kununa ndani ya basi la saa kumi ni adhabu kwenu wote. Mpe Dar es Salaam. Mausiku yale manne, mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, yawe yake, apange yeye: Kariakoo, Kigamboni, Bagamoyo kwenda na kurudi, chochote, nawe umfuate bila kulalamika. Akitaka mgawane njia, yeye aende Arusha na mkutane mbele, kataa. Si kwa sababu hawezi, bali kwa sababu Mama alitoa idhini ya watu wawili, na idhini haikatwi vipande ikishavuka mpaka. Kwa Mama mwenyewe, kaa naye jioni moja, umwandikie kwenye karatasi jina la kila mji na tarehe zake, kisha ukifika kila gesti mpigie simu azungumze na mwenye nyumba. Watasalimiana kwa dakika kumi na kuulizana habari za watoto, naye ataacha kuota ndoto mbaya.

Jumla, ukihesabu na usiku mmoja wa Tanga wakati wa kurudi, ni mausiku 22, nawe unayo 23. Huo mmoja uliobaki ni wa akiba, kwa gari litakaloharibika au mahali mtakaposhindwa kupaacha. Usiku wa mwisho laleni Tanga, si Dar es Salaam, ili siku ya kurudi iwe fupi, mvuke Horohoro asubuhi na mfike Likoni kabla ya magharibi, wakati ambapo wafanyakazi wa Mombasa hujazana kivukoni na mtu mwenye begi mgongoni hatazamwi kwa jicho jema.